Maziwa ya Msimamizi

Jana nilipita Majengo, fundi mmoja alikuwa anayeyusha risasi ya betri kuukuu, na ile harufu chungu ikanikaa kooni. Ndivyo zilivyonuka nguo za baba nilipokuwa mdogo.

Baba aliyeyusha risasi kwenye karakana nje kidogo ya mji. Tumbo lilianza kumsokota, kisha mkono wa kulia ukalegea, kiganja kikawa kinaning'inia. Akishika kikombe, chai inamwagika. Daktari alisema sumu ya risasi imeingia kwenye damu, asirudi tena kule.

Asubuhi moja msimamizi wake akaja nyumbani na dumu la maziwa.

"Mama, mpe mzee anywe. Maziwa yanakata sumu. Kesho namtegemea kazini."

Mama alikuwa anapepeta uwele. Akaweka ungo chini.

"Wewe unakunywa?"

"Kila siku."

"Basi kesho kaa wewe pale motoni, umeze ule moshi. Ukitoka mzima, mume wangu nitamleta mwenyewe."

Msimamizi akacheka, akamgeukia baba. "Mzee, siku hizi anakusemea mkeo?"

Baba akainuka. Alilibeba lile dumu kwa mkono wa kushoto mpaka nje, akaliweka juu ya kiti cha pikipiki ya mgeni wetu.

"Kasema kweli. Sirudi, na wenzangu nitawaeleza nilichoambiwa hospitali."

Mkono wake haukupona. Lakini kesho yake alfajiri alisimama kwenye geti la karakana, na wenzake wengi wakageuka naye kwenda kupima damu.