Neno moja kwenye barua ya marehemu Shomari

Kuna jambo nimelificha tangu nikiwa karani wa shamba la minazi, na sitaki kufa nalo.

Leo Haji, mwanawe marehemu Shomari wa Baleni, amenijia na barua iliyomfukuza kazi baba yake pale shambani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba."

"Hili neno 'incited' ndiyo nini?"

"Kuchochea. Kuwatia watu maneno mpaka wagome."

Akacheka kwa uchungu. "Baba yangu huyu? Aliyekuwa akiongea na mbuzi tu?"

Akaomba nimsomee barua yote; nikasingizia miwani mibovu. (Jamani, miwani ni mizima.)

Ameondoka. Tangu hapo nakaa, nainuka, nakaa tena.

Mtakaomwona Haji, mwonyesheni hapa: wakwezi niliwachochea mimi, na barua ile niliiandika mimi.