Picha ya Saa Nane Usiku

Ndoa yangu ilipelekwa kikaoni kwa sababu ya picha niliyoipiga mwenyewe.

Sikufumaniwa. Sikuchongewa na mtu. Niliipiga kwa mkono wangu huu, nikaipeleka studio kusafishwa, na bahasha nikachagua ile nzuri.

Naandika haya kwa sababu kuna ndugu humu jukwaani kauliza kama kamera ya dijitali ya zamani bado inafaa kununua kwa matumizi ya kila siku. Watu wamemjibu mambo ya megapikseli. Mimi namjibu kwa yaliyonikuta.

Mimi ni fundi rangi. Napaka nyumba, ofisi, mageti, chochote chenye ukuta. Kazi yetu bila picha huaminiki. Mteja anataka aone ulichomfanyia mwenzake ndipo akupe funguo.

Nilikuwa napiga kwa simu. Simu ikatumbukia kwenye ndoo ya rangi ya mafuta. Nikaitoa, nikaifuta, ikaita mara moja, ikakata roho.

Sikulia sana. Ile simu hata ilipokuwa hai ilikuwa inanigombanisha na watu. Ilikuwa na tabia ya kurembesha. Unapiga ukuta wa krimu, yenyewe inatoa mweupe pee. Mteja anachagua kwa picha, ukimaliza kupaka anakwambia, "Fundi, umenibadilishia rangi."

Nikanunua simu ya tochi ya kupigia tu, halafu nikaenda kwa mjomba.

Huyu ni mjomba wa mke wangu. Alikuwa mpiga picha miaka thelathini, harusi na vitambulisho, sasa kastaafu. Akanitolea kikamera kidogo cha rangi ya fedha, kina umri wa miaka kumi na mitano na kimekwaruzwa kila upande.

"Mjomba, shikamoo tena. Lakini hii si ya kizamani?"

"Hata mimi wa kizamani. Mbona unanisalimia?"

Nikaigeuza mkononi.

"Ina megapikseli saba," akasema. "Ukuta unataka ngapi?"

Nikachungulia lenzi. 

"Rangi inaitoa kama ilivyo. Ukiichaji leo, unakutana na chaja keshokutwa. Tarehe na saa nimeshaseti mwenyewe. Wewe usiguseguse."

Nikaichukua.

Ukweli usemwe, ile kamera ilinitendea haki. Krimu ilitoka krimu. Kijivu kilitoka kijivu. Kasoro zipo: kioo chake ni kidogo kama stempu, na ukitaka kumtumia mtu picha lazima uende studio na memori kadi yako mfukoni. Halafu kila picha ilikuja na tarehe na saa pembeni kwa maandishi ya rangi ya chungwa. Sikujua yanaondolewa wapi, na nilishaambiwa nisiguseguse.

Nikanogewa. Nikawa napiga kila kitu. Paka wa jirani, sahani yangu ya mchana, wenzangu kijiweni. Nao nikawa nawapa wanipige mimi.

Sasa ikaja kazi moja ya mbali. Nyumba nzima, siku tatu, unalala hukohuko. Tulikwenda mafundi watatu.

Mwenye nyumba alikuwa mama mmoja mcheshi kupita kiasi. Chumba chake cha kulala alitaka zambarau. Siku ya pili asubuhi, hata chai sijanywa, akanifuata.

"Fundi, mchana naiona nzuri. Usiku nikiwasha taa si itakuwa kama kaburi?"

"Hatubishani, mama. Tunapima."

Nikafunga mapazia yote. Nikawasha taa ya pembeni ya kitanda. Nikamwambia akae kitandani, tuone rangi inavyokubaliana na mtu. Akakaa. Nikamwambia asicheke sana, ukuta utaona haya. Akacheka mpaka akajishika mbavu.

Nikapiga.

Picha safi sana ile. Zambarau ilitulia.

Niliporudi mjini nikaacha memori kadi studio, nikamwomba mke wangu azipitie kuzichukua picha akitoka kazini. Ombi la kawaida kabisa. Ungeliomba hata wewe.

Siku iliyofuata narudi nyumbani jioni, nakuta begi mlangoni.

Langu.

Sebuleni wamekaa watu. Mama mkwe. Mjomba. Kaka yangu mkubwa. Na shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ambaye aliwahi kuwa tarishi kwenye ofisi ya mawakili na tangu hapo tunamwita Wakili.

Mke wangu kakaa katikati, bahasha mapajani.

"Watoto wako wapi?" nikauliza.

"Wako kwa shangazi yao. Sikutaka wasikie."

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Mtu akigombana na wewe mbele ya watoto, bado ana mpango wa kuishi na wewe. Akiwaondoa kwanza, ujue leo ni leo. Na huyu mwanamke nampenda, niseme wazi. Miaka kumi na moja ameniosha rangi masikioni bila kulalamika.

"Sitaki maneno mengi," akasema. "Aeleze hii."

Akaitoa picha. Ilipita kwa Wakili, ikapita kwa mama mkwe, ikafika kwa kaka yangu. Kaka alikuja kama mtu wa upande wangu. Akaiangalia, akainuka taratibu, akahamia kochi la upande wao.

Mjomba peke yake hawakumpa. Mtu mzima, mwanamke kakaa kitandani anacheka, mapazia yamefungwa, ni aibu. Walimwambia tu kwa mdomo: kuna picha, ni ya chumbani, ni ya usiku wa manane. Akatikisa kichwa, akaendelea na chai yake.

"Huyu ni mteja," nikasema. "Nilikuwa naonyesha rangi ya ukuta."

"Saa ngapi?" akauliza Wakili.

"Asubuhi."

Wakili akasimama. Akanisogezea picha mpaka puani, kidole chake kiko kwenye pembe.

02:40 AM.

"Soma kwa sauti," akasema.

"Saa nane na dakika arobaini," nikasoma.

"Za nini?"

"Usiku."

"Siku za mwizi ni arobaini," akasema Wakili, akiwageukia wengine. "Na dakika ni hizo hapo."

Mama mkwe akaguna. Lazima nikiri, alilipanga vizuri.

Nikajitetea kwamba tulikuwa mafundi watatu, waulizwe wenzangu. Wakili akasema hao tunakula chungu kimoja. Nikasema basi apigiwe mteja mwenyewe. Akapigiwa kwa simu yangu, sauti ikawekwa wote wasikie.

"Eeh, fundi!" mama wa watu akapokea kwa furaha. "Kile chumba nakipenda mpaka basi! Kila anayeingia chumbani kwangu anakusifia wewe!"

Wakili akakata simu. 

Nitakuambia jambo la ajabu. Mimi mwenyewe nikaanza kujitilia shaka. Mashine haina chuki na mtu. Kama imeandika saa nane usiku, labda kweli niliamka usingizini nikapaka. Nilianza hata kuona haya.

Mke wangu alikuwa halii. Angelia ningepata pa kushika. Alikuwa ananiangalia kama ukuta wenye unyevu, ule ambao fundi akiugonga tu anajua hautashika rangi.

"Mjomba," akasema mama mkwe, "wewe ndiye mkubwa hapa. Toa neno, tumalize."

Mjomba akaweka kikombe chini.

"Nipeni picha."

"Mjomba, hapana, si picha ya kutazama wewe..."

"Nimepiga picha miaka thelathini. Siwezi kuhukumu picha kwa kusimuliwa."

Akapewa, imefunikwa uso. Akaigeuza, akavaa miwani. Akaitazama muda mrefu kuliko tulivyopenda.

"Flashi imepiga ukutani," akasema. "Umesimama karibu mno."

"Mjomba!" mke wangu akaita.

"Nakuja. Nani kasema saa nane?"

"Imeandikwa hapo," akasema Wakili. "Sifuri mbili, arobaini."

"Ndiyo. Saa mbili na dakika arobaini. Asubuhi. Kuna tatizo gani?"

 Chai ikasikika ikimshuka kaka yangu kooni.

"Mjomba," Wakili akasema polepole, kama anaongea na mgonjwa, "hiyo ni AM."

"Ndiyo. Asubuhi Mapema."

"Na PM?"

"Hiyo ya usiku. Sijawahi kuihitaji. Mimi usiku nalala."

Akanyoosha mkono, akavuta mkono wa shati nyuma, akatuonyesha saa yake ya mkononi. Wakati ule ilikuwa saa kumi na moja jioni. Mshale wake mfupi ulikuwa juu ya kumi na moja, si ya tano kama saa za watu wote. Saa ya ukutani kwake iko hivyo hivyo. Na kamera, aliyoiseti mwenyewe na kunikataza kuigusagusa, aliiseti hivyo hivyo.

"Mimi nasema saa mbili, saa yangu iniambie nane?" akauliza. "Kwani inabishana na mimi?"

Wakili hakukubali kirahisi. Akataka ushahidi. Nikaitoa kamera mfukoni, nikampa, akatupiga picha sote pale sebuleni. Tukabanana vichwa kwenye kile kioo cha stempu.

11:12 AM.

Nje jua linaelekea kuzama. Simu ya mke wangu inasoma saa kumi na moja na dakika kumi na mbili za jioni.

Ninavyokumbuka, ndiyo picha yetu pekee ya familia ambayo hakuna aliyetabasamu.

Kaka yangu akainuka, akarudi kochi langu. "Mimi nilijua tu," akasema.

Mama mkwe akanishika mkono. "Mwanangu, tusamehe. Shetani alitupitia." Wakili akalirudisha begi chumbani bila kutumwa. Mke wangu hapo ndipo alipolia, na mimi, nisifiche, machozi yalinitoka. Akaniomba radhi mbele ya watu wote. Nikasema yameisha. Nikasema kwa sauti nzito, ya mtu aliyeonewa akasamehe. Nilijisikia vizuri sana. Nikaomba niongezewe chai.

Ningeondoka wakati ule nikaenda kuwachukua watoto, ningekuwa mtu mwenye heshima mpaka leo.

Lakini nilikaa kunywa chai. Mke wangu akawa anapitia picha zilizobaki kwenye bahasha, anajifuta machozi huku anacheka.

"Kwa hiyo kila picha naongeza saa sita?"

"Kila picha," akasema mjomba.

"Hii ya paka ni saa nne asubuhi."

"Sawa."

"Hii ya geti ni saa saba mchana."

"Sawa."

 Akashika moja, akaisogeza karibu na macho.

"Hii uko kijiweni unacheza drafti," akasema. "Nilipoiona jana niliipita. Imeandikwa saa nne asubuhi, nikajua ni mapumziko ya chai."

Kikombe kikasimama njiani.

"Nne na sita ni kumi," akasema mke wangu. "Saa kumi jioni. Tarehe kumi na nne, Alhamisi."

 Mimi nilikuwa natazama zulia.

"Alhamisi ile mama alitoka hospitali. Saa kumi jioni nilikupigia uende kumchukua. Ukaniambia uko juu ya ngazi, rangi inakauka, huwezi kushuka."

Mama mkwe aliachia mkono wangu. Aliuachia taratibu, kidole kimoja kimoja.

Siku ile alikaa kwenye benchi la hospitali na mfuko wake wa dawa mpaka saa moja usiku, mke wangu alipotoka kazini. Mimi nilipofika nyumbani nilimpa pole. Nilimwambia kazi za watu hizi, mama, hazina huruma. Akanionea huruma. Akamwambia binti yake anipashie chakula.

Mjomba akanyoosha mkono, akaichukua ile picha.

"Mwanga wa jioni," akasema. "Hauna mpinzani. Nani kaipiga?"

Akaisogeza karibu na miwani.

"Umekula kingi tatu hapa," akaongeza, kwa heshima.

Nilimgeukia mama mkwe. Nilikuwa na maneno, nayajua, mimi fundi, maneno ninayo mengi. Akaniwahi.

"Ungeniambia tu unacheza, mwanangu," akasema, bila hasira hata kidogo. "Ningejiendea mwenyewe. Mimi nilikaa pale namwomba Mungu usianguke kwenye ngazi."

Afadhali angenipiga.

Kesi ya uzinzi ilichukua saa nzima na nikashinda. Kesi ya drafti ni mwezi wa nane huu inasikilizwa. Kila Alhamisi, saa kumi jioni, nampeleka mama mkwe kliniki. Nakaa naye kwenye benchi lile lile mpaka aitwe. Hakuna aliyenihukumu hivyo. Niliona tu hakuna adhabu nyingine inayotosha.

Basi, ndugu uliyeuliza. Kamera ya dijitali ya zamani inafaa? Inafaa sana. Rangi inatoa kweli, chaji inakaa, na kwa ukuta megapikseli saba zinatosha na chenji inabaki.

Ila ukishaileta nyumbani, iseti saa wewe mwenyewe. Na kama kuna mtu umemweka benchini mahali anakusubiri, nenda kamchukue kwanza, ndipo ucheze.