Besi ya Maboksi

Wanafunzi wa shule ya udereva walimwita Mwalimu Breki, na ukikiona kijigari chake cheupe kikija kwa kurukaruka kama panzi aliyelewa, huna haja ya kuuliza sababu. Usukani umekumbatiwa na mtu aliyefumba macho. Kando yake kuna mwanamke mnene mwenye miwani, anapiga kelele: "Breki! Breki, baba! Hiyo ni waipa! Unamfutia nani kioo, na ukuta ndio huo?"

Mtu anayeshinda kutwa akisikiliza gia zikisagwa ana haki ya kutaka burudani jioni. Mwalimu Breki alitaka besi. Nyumbani walikuwa na redio moja ya dirishani, ndogo kama mkate, ambayo mwimbaji yeyote, hata awe na kifua cha fahali, alitokea humo akiwa na mafua. Yeye alitaka spika za kusimama, zile zinazojitegemea sakafuni kama watu wazima.

Mumewe hakuwa na ugomvi na muziki. Alikuwa muuza dawa, mtu wa kunong'ona, maana alikuwa amezeeka akiwauliza watu mbele ya foleni upele wao uko sehemu gani. Ila sebule yao ilikuwa ya kukunjiana miguu. Ukijinyoosha kwenye kochi, kidole gumba kinazima feni. Isitoshe, ghorofa ya chini aliishi Mzee Kanuni, karani wa mahakama aliyestaafu lakini hakuambiwa na mtu kwamba mahakama imebaki huko. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya wapangaji, na aliwahi kupanda ngazi kulalamikia kijiko kilichoanguka.

"Nunua, mke wangu," mume alisema. "Lakini huyo mzee akija kulalamikia spika hata mara moja, habari ya spika imekwisha humu ndani. Tumekubaliana?"

"Tumekubaliana!" Kwa ule uchu wake, angekubali hata kulala jikoni.

Dukani, macho yake yaliangukia jozi moja nene, inayomfika kifuani, na moyo ukamwenda mbio kama msichana. Muuzaji akakohoa.

"Hizo zina tundu la hewa mgongoni, mwalimu. Kwenye chumba kidogo utazibandika ukutani, na besi itavimba. Utasikia uji, si muziki. Chukua hizi nyembamba, tundu lake liko mbele."

Mwalimu alizitazama zile nyembamba, zilizomfika kiunoni. "Hizi zinaumwa? Mbona zimekonda hivi?"

"Zikiimba utaniomba radhi."

Hakuomba radhi, ila aliomba maboksi matupu ya zile nene. Shuleni kwake hakuna anayejifunza kuegesha katikati ya magari ya watu. Unaanza na madebe, ukigonga unagonga debe. Naye aliona hakuna haja ya kugonga kabla ya kujaribu.

Maboksi yakaingia sebuleni, na nyumba ikabanwa pumzi. Mlango wa friji ulifunguka kiasi cha kutoa yai moja, tena liwe limelala. Muuza dawa alikwenda kitandani ubavuubavu kama kaa. Mwalimu mwenyewe, aliyefundisha nusu ya mji kupita penye nafasi finyu, alipita na kiuno chake, boksi likapinduka, naye akajipigia kelele: "Breki!"

Akachukua kisu na solotepu akayapunguza maboksi mpaka yakawa na ukubwa wa zile nyembamba. Moja akaliweka karibu na pazia, lingine kando ya kabati, yote yameachana na ukuta kwa shubiri moja. Friji ikafunguka. Mume akatembea mbelembele kama binadamu wengine.

"Sawa, yameenea," alinong'ona. "Lakini mtu akichungulia atadhani tunahamishwa."

Basi mwalimu akayavisha kitambaa cheusi cha mwavuli uliokufa, na ndani ya kitambaa akachomeka visahani viwili kila boksi, ili yapate sura ya spika. Yakapendeza mno. Asubuhi alijikuta anayapangusa vumbi kwa adabu.

Mlango ulikuwa wazi alipopita jirani wa mkabala, msusi asiyewahi kupitwa na jambo.

"Shoga! Umezileta!"

Mwalimu alifungua mdomo aseme ukweli, lakini ulimi ukamwasha. "Tumejikongoja, mwenzangu."

"Weee! Na wewe umo! Ngoja nikawaambie wenzetu."

Akawaambia. Kesho yake jioni mlango ukagongwa, na Mzee Kanuni akasimama kizingitini amefunga vifungo vyote vya shati, hadi kile cha kumkaba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwanangu, jana mchana sikulala. Besi yenu inashuka kwenye dari, vikombe vinacheza kabatini."

"Jana mchana? Si tulikuwa kazini sote, mzee? Nyumba ilifungwa."

"Usinibishie. Meno yangu yalikuwa kwenye glasi, na yaligongana yenyewe!"

Mwalimu aliuma shavu kwa ndani hadi likauma kweli. Lakini mzee alipoteremka, kicheko kilimkauka, maana mumewe alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na uso wa kutoa pole.

"Amelalamika," alinong'ona.

"Amelalamikia maboksi, mume wangu!"

"Amelalamikia spika. Na haya ni maboksi matupu. Zile zenyewe zikija, si atahamia hapa na godoro?"

"Basi mtu aachwe kwa uzinzi wa kuotwa na jirani!"

Mume akainua mabega. Mwalimu aliona spika zake zikiyeyuka kabla hajazigusa, tena kwa kosa la mwavuli na visahani. Akavaa kandambili, akateremka hadi kwa Mzee Kanuni, akaomba kesi yake isikilizwe na kamati nzima. Mzee alifurahi nusura amkumbatie. Hakuwa amepata kesi tangu ile ya kijiko.

Jumapili wapangaji wakajipanga kwenye ngazi. Mwenyekiti akauliza nani ameathirika. Baba wa mtoto mchanga akasema mwanawe hushtuka kila besi inapopiga. Mpangaji wa juu kabisa akasema yeye hana neno, ila wimbo wa alfajiri urudiwe, ni mzuri. Msusi akamtetea shoga yake kwa nguvu zote: "Mimi zinanisaidia! Nasuka kwa kufuata mapigo, vichwa vinakwisha upesi!"

"Zisikilizwe hapa," mwalimu alisema. "Mume wangu, zilete."

Muuza dawa akapanda, akarudi na spika mbili, moja kila kwapa, hata jasho hana. Ngazi nzima ikavuta pumzi.

"Mungu wangu," msusi alisema, "kumbe ana nguvu hivi! Na alivyo mpole!"

Mwalimu akavuta kitambaa. Kisahani kimoja kikatoka, kikabingirika ngazi hadi ngazi, kikasimama kwenye kiatu cha mwenyekiti. Mzee Kanuni aliinama, akaingiza kichwa chote ndani ya boksi.

"Tupu," sauti ikasema kutoka humo.

Kisha ikasikika sauti ambayo jengo lile halikuwahi kuisikia, nene, ya kutoka tumboni: muuza dawa anacheka. Alicheka akashika ukuta, akakaa, akapiga ngazi kwa kiganja. Msusi akafuata, na wote wakafuata, hadi yule mpenda wimbo wa alfajiri. Mzee Kanuni peke yake alisimama wima, boksi limemwachia unyuzi wa solotepu kwenye nyusi.

"Lalamiko," alisema, "limetupwa."

"Kanunue," muuza dawa alisema akifuta machozi, na safari hii hakunong'ona.

Zikaja zile nyembamba, zenye tundu mbele. Alipoziwasha, besi ilimpanda kwenye nyayo, ikampitia magotini, ikamtikisa mpaka miwani. Mumewe alimshika kiuno wakacheza pale penye nafasi, yaani mahali pamoja. Hakuna aliyegonga mlango.

Siku kadhaa baadaye mwalimu alikutana na Mzee Kanuni kwenye ngazi, macho ya mzee mekundu kwa kukosa usingizi.

"Mzee, muziki haukusumbui? Sema tu, tupunguze."

"Muziki gani?" Mzee alijinyoosha. "Mimi sisikii kitu. Nilishasema kesi imefungwa."

Huruma ikamshika mwalimu. Alipanda mbio, akapunguza sauti kwa kiasi cha ukucha, akakaa kochini ameridhika na wema wake. Halafu ukaanza ule wimbo anaoupenda kuliko yote, naye akainuka taratibu, akairudisha sauti ilipokuwa, na ukucha mmoja juu.