Kiti cha Bibi Upande wa Kushoto

Mwezi uliopita nilirudi kwetu Kasongo, nikapanda pikipiki hadi Wamaza kutafuta kiti cha gari. Njiani majani yalinipiga mabega yote mawili kwa pamoja, na kijana wa pikipiki alicheka nilipomwambia kwamba zamani tulipita hapa na gari ya babu. "Gari gani, papa? Hapa hata baiskeli inaogopa." Nikanyamaza. Lakini wewe, rafiki yangu, sitakunyamazia. Tulipita hapa, tena na gari ya mbio, ya milango miwili, iliyokaa chini chini, rangi ya chai yenye maziwa mengi.

Babu aliinunua Kigoma, ng'ambo ya ziwa, wakati biashara yake ya mchele ilikuwa na nguvu. Ulaya waliiunda na usukani, sisi tunasema volani, upande wa kushoto. Mwenye gari wa kwanza aliwapa mafundi wa Kigoma waihamishe volani kuume, maana ng'ambo wanapita kushoto mwa barabara. Kazi safi ajabu! Babu alikuwa akituinamisha tuangalie chini ya dashibodi, tuone wenyewe kwamba hakuna kovu. Sokoni walimtania kwamba mzee amenunua gari kinyume. Naye aliwajibu, "Na weye, iko na gari ngapi?" Wakacheka wote.

Tabu ilikuwa barabarani. Kwetu magari yanapita kuume, na dereva mwenye volani ya kuume anakuwa amekaa kwenye majani. Lori likiwa mbele, haoni kitu ila matako ya lori. Anayeona njia ni yule aliyekaa kushoto, na kushoto alikaa bibi.

Bibi alikuwa Mbangubangu wa Wamaza, na katika maisha yake hakushika volani hata siku moja. Lakini nani angethubutu kusema hajui kuendesha? Alijifunga kitenge, akaweka kikapu miguuni, akatoa kichwa dirishani katika vumbi lile jekundu. "Bado," anasema. Babu anangoja. "Bado, iko mutu na mbuzi." Babu anangoja tu. Kisha bibi anapiga mlango kwa kiganja: "Pita!" Na babu anapita, bila kuuliza, bila kuona kitu. Nyumbani waligombana hata juu ya chumvi ya sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo. Ndani ya gari sikumsikia akimbishia bibi neno lolote. Sisi wajukuu tulibanwa nyuma juu ya mfuko wa mchele na dumu la mawese, harufu ya petroli ikichanganyika na ya samaki wakavu wa Nyangwe, na hatukuogopa hata kidogo. Ee Mungu wangu, tulikuwa na raha.

Bibi aliugua tumbo, akatutoka kabla mvua hazijaisha.

Kwetu, mwanamke akifa, arobaini ikipita ndugu zake wanakuja kuchukua vitu vyake. Wakaja kwa baiskeli kutoka Wamaza. Wakachukua vitenge, vyungu, kinu, hata mkeka wake wa kuswalia. Kisha dada yake mkubwa akaenda kusimama mbele ya gari.

"Shemeji, na kiti?"

"Kiti gani?"

"Kiti ya mudogo wangu. Iko mutu mwingine alikikalia?"

Hakuwako. Baba na ndugu zake walikasirika, wakasema kiti ni cha gari, si cha mtu. Babu akawanyamazisha. Alileta ufunguo wa nati, akakifungua yeye mwenyewe, akasaidia kukifunga juu ya baiskeli. Nililia siku ile kuliko siku ya mazishi, na sijui hata sasa kwa nini.

Tulimwambia babu aweke kiti kingine, mmoja wetu akae pale amtazamie njia. Hakutaka. "Siwezi kupita kwa macho ya mutu mwingine," alisema. Akamwita fundi wa malori, akamwagiza arudishe volani kushoto pamoja na kiti cha dereva, ili akae yeye mwenyewe mahali pa bibi. Sote tulisema ni wazo jema! Yule fundi akakata bati, akaunga chuma cha volani kwa kipande cha lori, akachomelea. Ilipotoka kwake gari ilivuta kuelekea porini, na volani ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia.

Babu aliitoa mara moja tu, hadi mwisho wa mji, njia ya Kabambare. Akarudi polepole, akazima, akabaki amekaa. "Sasa naona njia yote," alisema, nasi tukapiga makofi. Akatungoja tumalize. "Naiona yote, na hakuna mutu wa kuniambia pita." Hakuiwasha tena mpaka alipokufa.

Gari imekuwa yangu, urithi. Nilikuwa nimesikia kwamba mtu wa Bukavu ananunua magari ya zamani ya namna hiyo, anawauzia matajiri, nikasema moyoni kwamba nikikipata kile kiti cha bibi gari itapona. Wamaza walinionyesha mahali nyumba ya dada yake bibi iliposimama. Iliungua wakati wa vita na kila kilichokuwa ndani. Pale pamepandwa muhogo.

Hata hivyo yule mtu wa Bukavu alikuja. Alijilaza juu ya gunia, akatambaa chini ya gari, akakaa huko muda mrefu. Alipotoka alijipangusa na kusema kwa upole, "Papa, volani ikihamishwa mara moja, kazi ikiwa safi, watu wanasamehe. Hii mulikata mara mbili. Hii imebaki chuma tu."

Nikamwambia basi, aichukue bure. Aitengeneze apendavyo, hata kama sitaiona, mradi itembee mahali fulani. Alitazama chini, akanishika mkono. "Pole, papa," alisema. Akapanda pikipiki, akaenda zake. Nami nikabaki uani na gari ya babu, ambayo hakuna mtu anayeitaka, na mimi mwenyewe, rafiki yangu, sijui tena naitakia nini.