Kisabuni na Picha ya Nyuso Mbili

Bibi yangu ana picha ambayo ndani yake ana nyuso mbili.

Sisemi picha mbili. Picha moja, kiti kimoja, Bibi mmoja, nyuso mbili. Na nyuma yake wamesimama watu wawili ambao siku hiyo hawakusimama pamoja hata kidogo.

Kabla hujaanza kuwaza majini, tulia. Picha niliipiga mwenyewe, mchana kweupe.

Mimi ni mshonaji wa sare za shule. Kazi yangu ni kunyoosha mistari kutwa nzima. Kola ikipinda kidogo tu, mzazi anakurudishia na maneno juu.

Labda ndiyo maana nilipoona kamera moja kwenye meza ya mitumba, sikuiacha. Plastiki tupu, nyepesi, ya kutumia mkanda kama zamani. Nyumbani wakaipa jina papo hapo: Kisabuni, kwa sababu ilifanana na kisahani cha sabuni.

"Una simu nzuri hivyo, halafu unaenda kununua sabuni?" Baba akaniuliza.

Kisabuni kilikuwa kinavujisha mwanga pembeni. Nikakiziba kwa tepu nyeusi, kikaendelea kuvujisha. Pembe za picha giza, katikati ukungu. Huwezi kufuta, na huoni chochote mpaka mkanda usafishwe.

Na mimi, mtu wa rula na chaki, nikapenda mpaka basi! Paka wa jirani alitoka na mstari mwekundu mgongoni, mwanga tu uliojipenyeza. Ningepanga mwaka mzima nisingeupata ule mstari.

Kila nilipokwenda kuchukua picha kwa fundi wa kusafisha mikanda, tunayemwita Giza, nilikuwa kama naenda kuangalia matokeo ya mtihani.

Sasa tuje kwa Bibi.

Bibi alikuwa anahama. Shangazi alikuwa anamchukua akaishi naye, mbali, na kwa umri wake tulijua kurudi itakuwa vigumu. Aliomba kitu kimoja tu: picha akiwa katikati ya wanawe wawili, aitundike juu ya kitanda chake kipya.

Shida ni kwamba wanawe hao, yaani baba yangu na baba mdogo, walikuwa hawasemeshani kwa miaka.

Usiulize shamba wala nyumba. Ni geti. Wote ni mafundi wa kuchomelea vyuma. Waliungana wakamtengenezea mama yao geti, likatoka halifungi. Baba akasema mdogo wake alikosea vipimo. Baba mdogo akasema kaka yake alichomelea bawaba kombo. Tangu hapo geti linafungwa kwa kamba, na hao wawili wanapishana njiani kama hawajuani.

Siku ya kumuaga, ukoo mzima ulijaa uani. Bibi akakaa kwenye kiti chake.

"Niitieni wanangu."

Baba akaja, akasimama nyuma ya kiti. Baba mdogo kumwona tu, akageukia bomba akaanza kunawa mikono ambayo ilikuwa safi.

"Haya Mama, nipo. Tupigwe," Baba akasema.

"Na mwenzio?"

"Mwenzangu nani?"

Kidevu cha Bibi kikaanza kumtetemeka, na mimi roho ikaniuma vibaya sana. Akamvuta Baba ainame karibu yake, akamtazama usoni. Nikabonyeza haraka, kabla machozi hayajamtoka.

Baba akaondoka. Ndipo baba mdogo akasogea, upande wa pili, akanyoosha mkono juu ya mgongo wa kiti. Bibi akamgeukia. Nikabonyeza tena.

Siku moja kabla ya safari nikaenda kwa Giza. Nikamkuta anacheka peke yake.

"Dada, hukuzungusha mkanda."

Jamani, Kisabuni hakina akili. Kila ukipiga lazima uzungushe kigurudumu kwa kidole. Usipozungusha, picha inayofuata inapanda juu ya ile ya kwanza. Na mimi, kwa uchungu wa pale uani, nilisahau.

Kitu kimoja Bibi alichoomba, nimekiharibu.

"Iangalie kwanza," Giza akasema.

Nikaangalia. Bibi katikati, uso mmoja unamtazama Baba, uso mwingine unamtazama baba mdogo. Wanawe wako nyuma yake, ukuta ukionekana kupitia mashati yao. Na mkono wa baba mdogo umetua sawasawa begani kwa Baba.

Nililia pale pale kaunta. Giza akanisogezea kiti.

Asubuhi ya safari nikampa Bibi. Akaitazama sana, kisha akapaza sauti: "Wote wawili, njooni hapa!"

Wakaja, kila mmoja na uso wake.

"Uongo huu!" Baba akafoka. "Mimi sijasimama na huyu."

"Hata mimi sijasimama naye! Huyu mtoto ametuunganisha kwenye kompyuta."

Nikatoa mkochoni mkanda wenyewe uliosafishwa. Wakauinua kwenye mwanga wa dirisha, kila mmoja ameshika ncha yake, vichwa vimegusana.

"Mbona ni moja kweli," Baba akanong'ona.

"Ni moja, kaka. Ila wewe umeinama mno."

"Nimeinama nini? Mkono wako ndio umenielemea!"

"Bega lako lilifuata nini kwenye mkono wangu?"

"Wewe tangu zamani vipimo vinakushinda!"

"Na wewe tangu zamani kila kitu chako kombo!"

Hakuna aliyethubutu kuwaamua. Miaka hawakupeana hata salamu, leo wanabishana kama watoto waliolazwa kitanda kimoja. Baba mdogo ndiye aliyeanza kucheka. Baba akajikaza, akajikaza, akashindwa.

"Tupige upya," akasema, akijifuta macho. "Ya kweli."

Shangazi akatoa simu. Bibi akamzuia: "Iweke. Mwenye kazi yupo."

Nikaweka mkanda mpya, nikachungulia kwenye kidirisha cha Kisabuni. Baba kulia, baba mdogo kushoto, wamembana mama yao mpaka kitambaa cha kichwa kikamkaa upande. Nikabonyeza. Safari hii nikazungusha mkanda kwa mbwembwe zote.

Gari likaondoka.

Wiki iliyofuata Giza hakucheka. Alinionyesha mkanda, pale penye picha ya kweli hapakuwa na kitu. Kidirisha cha Kisabuni kiko juu ya lenzi, hakipiti ndani yake. Kwa hiyo unaweza kuona kila kitu vizuri kabisa huku kifuniko cha lenzi hujakitoa.

Nilimpigia Bibi nikilia kama nimefiwa.

Akaniacha nimalize, kisha akacheka. Mimi huniita mke mwenzake.

"Mke mwenzangu, ile uliyonipa nimeshaitundika. Hiyo nyingine ya nini? Mimi nilikuwa ndani yake, nimebanwa na wanangu."

Basi, mwenzangu unayesoma: picha yako ikitoka mbovu, usiitupe kabla hujawaonyesha waliomo.

Na kifuniko, tafadhali, toa.