Hasira Tuliyoona Haya Kuitaja

Wasomaji wangu, safari hii naanza na msiba. Yule mtu wa huku kwetu, ukingoni mwa Nyasa, aliyekuwa akitutangazia soko kila asubuhi, amefariki. Alishikwa na homa na kifua majira haya ya baridi, akalala, hakuinuka tena. Tumemzika nyuma ya migomba yake, nami nilikuwa miongoni mwa waliombeba, uso nimeuinamisha chini, wala si kwa huzuni peke yake. Nimekaa na kalamu muda mrefu nikitafuta namna ya kumsifu bila kutusema sisi, na namna hiyo sikuiona.

Kwa wasiomjua, alikuwa mvuvi mwenye sauti nene na maneno mengi. Alfajiri alipita mtumbwi kwa mtumbwi, akauliza nani amepata samaki gani, usipa au mbasa, kisha watu wakishakusanyika ufukweni alisimama juu ya mtumbwi uliopinduliwa na kuanza. “Mugonile! Mmeamkaje? Usipa leo ni mwingi, msikimbilie kununua, bei itashuka yenyewe. Mbasa hakuna, anayekuuzia mbasa anakuuzia wa jana. Watu wa Ngana, msimwagie mchele wenu wote mchuuzi wa kwanza, meli ya Wadachi iko njiani na mabaharia wake wanakula.” Mwisho zilikuja habari za michezo: nani kamwangusha nani kwenye mieleka, na kwa nini aliyeanguka alistahili kuanguka. Hakumwonea mtu haya. Huku chungu hununuliwa kwa nafaka inayokijaza, na asubuhi moja aliwaambia wanunuzi wavigonge kwanza vyungu vya mama mmoja wa Kikisi kabla ya kuvijaza, maana vilichomwa haraka. Yule mama akafoka, “Wewe baba, ungenyamaza ungekufa?” Akamjibu, “Ningenyamaza, mama, wewe ungepata mchele na wao wangepata nyufa.” Soko zima lilicheka, na mama akarudi na vyungu vyake.

Tulimpenda hivyo hivyo, alimradi nyufa zilikuwa za wengine. Kwenye sikukuu ya mfalme wa Wadachi watu wa boma waliweka mashindano ya mitumbwi, zawadi fahali. Ilitakiwa kupiga makasia hadi kwenye mti uliosimikwa mbali majini, kuuzunguka, na kurudi. Tulishindana na Wakisi, wavuvi na wafinyanzi wa upande wa milimani, watu waliozaliwa na makasia mikononi. Katikati ya mbio mvua kubwa ikashuka, hatukuona kitu. Ilipopita, mtumbwi wetu ulikuwa mbele, karibu kugusa mchanga. Wakisi walilalamika sana, lakini mkubwa wa boma alikuwa amelowa chepechepe na hamu yake ilikuwa kubadili nguo, akatukabidhi fahali akaenda zake. Jioni, nyama ikiwa motoni, wapiga makasia wetu wenyewe walitusimulia huku wakicheka kwamba mvua ilipowafunika waligeuza kabla ya kuufikia mti. Tulicheka nao. Sikuona mtu aliyeweka mnofu wake chini.

Asubuhi yake watu walifurika ufukweni, maana kila mmoja alitaka kusikia ushindi ukitangazwa. Wanawake wa Kikisi walikuwepo na vyungu vyao. Yeye akaanza na usipa, akaja kwenye mchele, hakuharakisha. Kisha akasema, “Michezo. Jana mtumbwi wetu umetangulia kufika hapa kwa sababu kule kwenye mti haukufika. Nilikuwa karibu, natega wavu, nimeona. Walioshinda ni Wakisi. Fahali tumemla sisi, na mimi nimekula, alikuwa mnono. Sasa tuwatafutie mwingine.” Jirani yake akamkaripia, “Tata, kwani wewe ni mtu wa wapi?” Akajibu, “Wa hapa hapa, ndiyo maana naona aibu. Ningekuwa mgeni ningecheka.”

Tangu siku hiyo alisimama juu ya mtumbwi wake akatangaza, na watu wakampa mgongo. Waliotoka Katumba Songwe na mizigo ya mchele kichwani walivutwa pembeni wasimsikilize, wakauza kwa bei ya kutupwa, na wachuuzi wakanenepa. Jioni, barazani, watu walimnung'unikia chini chini. Kisha baridi ikaingia, naye akaanza kukohoa.

Huku kwetu hawajasahau kitu ambacho wazee hukiita pumzi ya watu: majirani wakimnung'unikia mtu, manung'uniko yao humwingia kama baridi, akaugua. Dawa yake ni kuwaita majirani mbele ya mgonjwa, kila mmoja aseme hasira yake waziwazi, apulize maji kutoka kinywani, na jambo liishe. Mke wake alipita nyumba kwa nyumba. Kwangu alisimama mlangoni akasema, “Ndaga, Mwalimu. Mume wangu anawaita. Njooni mseme tu, hata mkimtukana.”

Hatukwenda. Sisi wa misheni tulijibu kwamba mambo hayo tuliyaacha siku ya ubatizo, na huo ni uongo mtupu, maana ungekuwa ugomvi wa ng'ombe kuingia shambani tungejaa uani kwake. Wasiobatizwa walisema wanangoja wenye kisomo watangulie. Lakini sote tulijua kilichotufunga miguu. Ukiitaja hasira yako lazima utaje na sababu yake. Nani angesimama mbele ya mgonjwa aseme, nimekukasirikia kwa kuwa ulisema tumedanganya, na kweli tulidanganya?

Aliyekwenda ni yule mama mfinyanzi. Alivuka na mtumbwi, akaketi karibu na mkeka wa mgonjwa, akasema, “Baba, mimi nilikukasirikia kwa ajili ya vile vyungu. Ni kweli nilivichoma haraka. Basi, hasira imetoka.” Akapuliza maji. Mgonjwa alicheka hadi kikohozi kikamkaba, kisha akamwuliza mkewe, “Na hao wengine wako nje?” Mkewe akamwambia wanakuja. Akaomba mlango usifungwe.

Sijui kama pumzi ya watu huua. Mganga wa misheni anasema ni kifua, na yeye amesomea. Najua tu kwamba kuna mtu amekufa akitungoja, na nyumba zetu ziko mwendo wa kuitana kwa sauti. Kaburini tulilia sana, hata mkewe akatugeukia akasema, “Sasa semeni. Mlikuwa na nini naye?” Tukatazama udongo.

Mara nyingi nimeandika hapa juu ya shule, rupia na meli, nikijivuna kwamba tunakwenda mbele. Leo naona haya kuyasoma maandishi yangu. Tumejifunza kusoma, na habari moja ya asubuhi imetushinda kuisikia kwa kuwa ilituhusu. Mtu akikueleza ukweli wako ukashindwa kumjibu, mwambie hivyo angali hai. Basi nami naandika ya kwangu: mtumbwi wetu haukuufikia mti, Wakisi walishinda, na fahali alikuwa wao. Mtakaonikasirikia, nyumba yangu mnaijua. Njooni mniambie na sababu, ningali mzima.