Tecla na Kibanda cha Sponji

Jua limegusa mabati ya maduka ya Sosiot, na Tecla Chepchirchir ameshachovya brashi. Anapaka gundi nyeupe ya mbao kwenye ukuta uliolazwa mezani, anatandaza kitambaa cha amerikani juu yake, kisha anakipapasa kwa kiganja kutoka katikati kwenda pembeni, kama anayemtandikia mgeni kitanda.

"Hewa ikibaki ndani, itafura," anasema bila kuinua macho. "Halafu mvua ipate pa kuingilia."

Ukuta huo si wa mbao wala bati. Ni sponji ngumu nyeupe, aina ile inayozungushiwa televisheni mpya ndani ya boksi. Tecla, ambaye ni fundi wa makochi, anaunda kibanda cha kulala chenye magurudumu, chepesi kiasi cha kuvutwa na punda mmoja.

Ni cha mumewe, Kiptanui, dereva wa mashine ya kuvuna ngano huko Mulot. Wakati wa mavuno huhama shamba hadi shamba, na usiku hulala chini ya mashine ili vipuri visiibwe. Mavuno ya 1995 yalimrudisha nyumbani amebebwa, kifua kimejaa nimonia. Daktari alimwonya asilale nje tena.

"Nilimwambia aache hiyo kazi," Tecla anakumbuka. "Akaniuliza, 'Mama Kipkosgei, niache nifanye nini? Chai yetu ni mistari michache tu.'"

Walijaribu kwanza kibanda cha mbao. Kilizama kwenye tope jeusi kabla hakijafika shambani, wakakitelekeza. Baadaye kiwanda kimoja cha maziwa kikabomoa chumba chake cha baridi na kutupa sponji ya kutani. Tecla aliomba, akapewa. Aliinua kipande kipana kwa mkono mmoja, akacheka peke yake.

Kicheko hakikudumu. Ukuta wa kwanza aliuunganisha kwa gundi kali anayotumia kwenye makochi. Alipogeuka kuchukua kisu, akasikia mchakacho. Gundi ilikuwa inaila sponji, na ukuta ukabonyea mbele ya macho yake.

"Nilikaa chini nikalia," anasema.

Jirani yake, Kepher Ogada, seremala kutoka upande wa ziwani, alimkuta hapo hapo.

"Mama, hata mimi sijui gundi ya hii kitu," alimwambia. "Lakini usiharibu kubwa. Jaribu kwa vipande vidogo."

Akajaribu. Uji wa unga wa ngano ulishika vizuri mpaka panya walipougundua. Rangi ya mafuta nayo iliiyeyusha sponji. Gundi ya mbao haikula sponji, ila katikati ya vipande viwili ilikosa hewa, ikabaki mbichi.

Ndipo akaacha kubandika sponji kwa sponji. Alizishikiza kwa fito nyembamba, akazivika kitambaa pande zote, kwa kuwa kitambaa kinapitisha hewa na gundi inakauka. Juu yake akapaka rangi ya maji, tabaka juu ya tabaka.

Kiptanui alikuwa na wasiwasi. "Nikigeuka usingizini haitavunjika?"

"Geuka polepole, Baba Kipkosgei. Na ndani usiwashe jiko kabisa. Hii ikishika moto, hutoki."

Jumapili iliyopita mvua ilinyesha tangu watu watoke kanisani. Kiptanui alijilaza ndani ya kibanda, kikiwa bado na upande mmoja wazi uliogeuziwa mbali na mvua, akasinzia. Alipotoka jioni alimpa mkewe blanketi alishike. Lilikuwa kavu. Tecla anasema alilikunja, akalikunjua, akalikunja tena.

Bado ukuta mmoja na mlango, kisha safari ya Mulot. Kiptanui ameenda kumtazama punda wa kuazima, na Tecla anapunguza sauti.

"Miaka yote hii naijua ngano kwa vumbi ninalofua kwenye nguo zake. Mwaka huu dada yangu atakamua ng'ombe, mimi niende niione ikivunwa." Anatabasamu. "Kitanda nimekipima cha watu wawili. Yeye anafikiria hiyo nafasi ni ya vipuri."